Ukiupiga upya wimbo wa wazee, mtunzi naye apate fungu lake

Kurekodi wimbo hapa Pwani si lazima tena uende studio. Kijana wa Kisauni, Malindi au Lamu mwenye simu, kompyuta ya mitumba, maikrofoni ya bei nafuu na godoro la kuegemeza ukutani ili chumba kisivume, anaweza kuuchukua wimbo aupendao, akaupanga upya kwa vyombo vyake, akauimba na kuuweka mtandaoni usiku mmoja. Nyimbo zinazochukuliwa sana ni za wazee: taarabu za Mombasa na Lamu, chakacha za harusini, na nyimbo za bendi zilizokuwa zikitumbuiza mahotelini.

Hilo ni jambo la kushukuru. Wimbo usioimbwa hufa, na kijana aliyekaa na wimbo mmoja wiki nzima akiutafutia sauti huujua kuliko sisi tunaousikia harusini huku tukila biriani. Lakini kila toleo jipya linapopata wasikilizaji, huzuka ugomvi uleule. Jamaa za mwimbaji wa zamani hulalamika. Kijana hujitetea kwamba amewatukuza wazee. Mtandao nao hukata shauri lake, aghalabu bila kumsikiliza yeyote kati yao.

Katika ugomvi huo wote yuko mtu mmoja ambaye hata jina lake halitajwi: mtunzi wa shairi. Hoja yangu leo ni fupi. Kupiga upya nyimbo za wazee ni haki na ni jadi yetu, lakini tunagawa sifa na pesa zake kana kwamba wimbo ni mali ya mwimbaji peke yake. Kwa nyimbo za Pwani, hilo mara nyingi si kweli.

Wimbo mmoja, mikono minne

Tuanze kwa kuufungua wimbo wa taarabu tuone ndani mna nini.

Kwanza kuna shairi. Hapa kwetu, mwenye kutunga na mwenye kuimba mara nyingi ni watu wawili. Marehemu Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu na kufariki 2016, aliimba tungo za washairi mbalimbali, akiwamo Ahmed Sheikh Nabhany. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, aliimba tungo za ndugu yake Ahmad Nassir, yule aliyetuachia diwani ya Malenga wa Mvita. Msikilizaji wa kawaida huzijua sauti za hao wawili akiwa usingizini, lakini ukimuuliza nani aliyeyatunga maneno, wengi watakutajia mwimbaji.

Pili kuna mahadhi. Haya nayo huenda ni ya mwimbaji, huenda ni ya mpigaji wake, na huenda yalisafiri kutoka mbali. Juma Bhalo alijulikana hasa kwa kuvisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi. Watu waliotoka kutazama sinema mjini waliyasikia yale yale mahadhi yakiimbwa kwa Kimvita.

Tatu kuna waliopiga na kuimba siku ile: udi, fidla, kinanda, ngoma, waitikiaji.

Nne kuna aliyerekodi. Mombasa ilikuwa na biashara yake ya santuri na baadaye kaseti. Duka kama Mbwana Radio lilijulikana na kila mpenzi wa taarabu mjini. Bila maduka hayo, nyimbo nyingi tunazozipiga upya leo tusingezisikia.

Kwa hiyo kijana anaposema "nimepiga upya wimbo wa fulani", huenda amegusa haki za watu wanne kwa mpigo. Kumtaja mmoja si kuwataja wote.

Kuazima si dhambi

Wako watakaosema: basi vijana waache, watunge zao. Hao hawaijui taarabu.

Muziki wetu umejengwa kwa kuazima. Udi na kanuni vilitoka Uarabuni, kinanda cha taishokoto kilitoka Japani, mahadhi mengine Bombay, na ngoma ni za hapa. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms, iliyokulia katika mahoteli yetu ya ufuoni, ilirekodi Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata kundi la Boney M la Ujerumani likatoa toleo lake. Tangu hapo wimbo huo umepigwa na bendi zisizohesabika, kuanzia Diani hadi Zanzibar. Kama kupiga upya kungekuwa wizi kila mara, basi nusu ya jukwaa la Pwani lingekuwa korokoroni.

Tofauti ya kuazima na kuiba ni ileile iliyopo kwa sufuria ya jirani. Anayeazima hubisha hodi, husema ni ya nani, na ikirudi ina kitu ndani hakuna anayenuna.

Funzo la Malaika

Tukitaka kujua gharama ya kutotaja majina mapema, tuutazame wimbo wa Malaika.

Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys karibu na mwaka 1960. Baada ya hapo ukaruka. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya 1965, Boney M wakautoa 1981, naye Angélique Kidjo akaurekodi 1991. Ni vigumu kupata wimbo wa Kiswahili uliopangwa upya mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, hadi Fadhili William anafariki mwaka 2001, swali la nani hasa aliutunga lilikuwa halijaisha. Wako wanaomtaja yeye. Wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Majina ya Grant Charo na Lucas Tututu nayo hutajwa. Kila upande una mashahidi wake, lakini wengi wamekwisha tangulia mbele ya haki, na karatasi ya siku ile haionekani.

Sina nia ya kuamua kesi hiyo hapa. Ninachotaka msomaji aone ni hiki: wimbo ulipokuwa bado ni wa mtaani, kuandika jina la mtunzi kungechukua dakika tano na kalamu moja. Ulipokwisha kuzunguka dunia, miaka arobaini haikutosha. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Asiyeandikwa pia.

Sheria inasema nini

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu wakati huo. Nitaichukua sehemu inayomgusa mtu wa chumbani.

Utunzi, yaani maneno na mahadhi, hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Nabhany alifariki 2017, kwa hiyo shairi lake lina mwenyewe hadi mwisho wa 2067. Kama Malaika ni utunzi wa Fadhili William, basi ulinzi wake utakwisha mwishoni mwa 2051. Katika muda huo warithi ndio wenye kusema.

Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa kwenye santuri au kaseti, ina hesabu nyingine: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1970 ulinzi wake uliisha mwishoni mwa 2020.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana husikia kwamba kaseti fulani "imepitwa na muda", akadhani wimbo wote sasa ni wa umma. Sivyo. Sauti iliyonaswa huenda iko huru, lakini shairi lililo ndani yake bado lina mwenyewe.

Kuna pia tofauti kubwa kati ya kukata na kupiga upya. Ukikata kipande cha sauti ya zamani ukakiweka ndani ya wimbo wako, umegusa rekodi na umegusa utunzi. Ukikaa na udi au kibodi yako ukapiga kila kitu mwenyewe, rekodi hujaigusa, lakini utunzi bado umeutumia. Njia ya pili ina usumbufu mdogo, na kwa maoni yangu huzaa muziki bora, kwa sababu hukulazimisha kujifunza.

Na chumbani mwako? Sheria inaruhusu matumizi ya binafsi. Piga, rekodi, futa, rudia mara mia, msikilizishe mkeo na rafiki zako, hakuna wa kukuuliza. Swali la ruhusa huanza pale wimbo unapotoka mlangoni: ukiuweka mtandaoni, ukiupiga hotelini kwa malipo, ukiuuza kuwa mlio wa simu.

Jambo la mwisho la kisheria ni heshima ya mtunzi. Sheria inampa haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake ikigeuzwa kwa namna ya kumvunjia hadhi. Shairi la mawaidha likifanywa wimbo wa kuuzia pombe, warithi wana neno la kusema hata kama pesa imelipwa.

Mashine haimjui malenga

Wengi wetu, hata hivyo, hatukutani na sheria mahakamani. Tunakutana na mashine ya YouTube.

Mtandao huo una mfumo wake wa kutambua sauti, uitwao Content ID, ulioanza 2007. Mwenye haki, au mtu anayedai kuwa ndiye, huwasilisha rekodi. Kila video mpya inayopakiwa hulinganishwa na akiba hiyo. Mfumo ukiona mfanano, aliyewasilisha anaweza kuifungia video, kuiacha huku akichukua mapato ya matangazo, au kuifuatilia tu ajue inatazamwa na nani.

Mfumo huu unajua kulinganisha sauti, lakini hauna habari ya nani alikaa barazani akapima mizani. Katika nyimbo zetu hilo huleta vituko vya aina tatu. Mtu asiye na uhusiano wowote na wimbo anaweza kuwa ndiye aliyeugeuza kutoka kaseti na kuuwasilisha kwanza, naye akawa "mwenyewe" machoni pa mashine. Wimbo uliovishwa mahadhi ya filamu unaweza kudaiwa na kampuni ya ng'ambo yenye haki ya mahadhi hayo, na mtunzi wa maneno ya Kiswahili asipate hata thumni. Na kijana aliyepiga kila chombo kwa mkono wake anaweza kunyang'anywa mapato yote, wakati alistahili sehemu.

Katika visa vyote vitatu mtunzi wa shairi hayumo. Hakuwasilisha chochote, kwa sababu yeye au warithi wake hawakuwahi kuwa na rekodi. Walikuwa na daftari.

Mlio wa simu nao una kasoro hiyo. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalitenga asilimia 52 ya mapato ya milio ya kusubiria kwa msanii au mwenye hakimiliki. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini asilimia 52 ya mtu asiyejulikana ni sifuri. Pesa hufuata jina lililoandikwa.

Sasa ongeza akili unde. Zipo programu zinazoweza kuitenga sauti ya mwimbaji na vyombo vyake kutoka kwenye kaseti kuukuu, na nyingine zinazoiga sauti ya mtu aliyekufa ikaimba maneno ambayo hakuyasikia maishani. Kutenga sauti ili ujifunze udi ulivyopigwa ni faida kubwa. Kumwimbisha marehemu bila idhini ya watu wake ni jambo ambalo hata kabla ya kuuliza wakili, muungwana angejiuliza mwenyewe.

Kupanga upya bila kuvunja

Kumheshimu mtunzi hakuishii kwenye karatasi. Kunasikika pia ndani ya wimbo wenyewe, na hapa nina neno kwa wanaorekodi nyumbani.

Rekodi ya kwanza karibu kila mara huwa imejaa mno. Programu inakupa nyuzi, tarumbeta na ngoma za kila aina bila malipo, nawe unaziweka zote. Sikiliza baada ya siku tatu, kisha anza kupunguza. Katika taarabu chombo huitika sauti; vyombo vikizungumza pamoja na mwimbaji, shairi halisikiki. Na shairi lisiposikika kwa mtu anayejua Kiswahili, umebaki na mahadhi matupu.

La pili ni mizani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Nyimbo zina vipimo vyake vingine, lakini kanuni ni ileile: kina kina mahali pake na pumzi ina mahali pake. Mdundo wa kompyuta unaojirudia kila baada ya hatua nne hauyajui hayo. Vijana wengi huyakata maneno ili yaenee kwenye mdundo, na ukwapi ukabaki bila utao wake. Afadhali kuurefusha mdundo kuliko kulikata neno.

La tatu ni sauti zile zinazokaa baina ya noti mbili za kinanda, ambazo taarabu ya udi imezirithi kutoka maqamu ya Kiarabu. Programu ya kunyoosha sauti ikiachwa ifanye itakavyo huziona ni makosa, ikazivutia kwenye noti ya karibu. Wimbo hutoka umenyooka na umekufa. Kibodi nyingi za kisasa zinaweza kuwekwa zitoe sauti hizo, na programu inaweza kuambiwa isiguse. Itakugharimu saa moja ya kutafuta mahali pa kubonyeza.

La nne ni urefu. Wimbo wa zamani ungeweza kuchukua dakika kumi na zaidi, nao mtandao unataka tatu. Tatizo ni kwamba tungo nyingi za taarabu ni mafumbo. Beti za mwanzo hufunga, beti za mwisho hufungua. Ukiimba mbili za kwanza ukaacha zilizobaki, unaweza kuacha tusi bila radhi yake, au swali bila jibu, kisha ukaweka jina la marehemu chini yake. Kama ni lazima upunguze, punguza kwa kulielewa shairi, si kwa kuangalia saa.

Kwa hayo yote dawa ni moja: kabla hujautoa wimbo, mpelekee mtu mzima anayeujua akusikilizie. Mzee atakwambia neno gani umelitamka vibaya na beti gani umeiruka. Ni rahisi kurekebisha wimbo ukiwa bado ndani ya kompyuta yako kuliko ukishasambaa kwenye simu za watu.

"Lakini hakuna pesa"

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni hili: hawa vijana hawapati kitu. Video yenye watazamaji elfu mbili hailipi hata vocha. Ukiwaambia watafute warithi, waandike mikataba, watie saini, utaua kipaji kwa karatasi.

Pingamizi hilo lina uzito. Mtu asiyepata shilingi hawezi kudaiwa asilimia. Ndiyo maana naligawa jambo hili mara mbili. Kutaja majina hakuna gharama: shairi la nani, mahadhi ya nani, nani aliimba kwanza, nani amepiga sasa. Hayo yaandikwe chini ya kila wimbo tangu siku ya kwanza, uwe na msikilizaji mmoja au milioni. Pesa inakuja baadaye, na wengi haitawafikia kamwe. Lakini wimbo mmoja kati ya mia utakapopaa, itafaa makubaliano yawe yalikuwapo kabla ya pesa, kwa sababu baada ya pesa ndugu hawaelewani.

Makubaliano hayo si lazima yawe ya wakili. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia: majina, wimbo upi, unaruhusiwa kufanywa nini, mapato yatagawanywa vipi, sahihi na mashahidi wawili. Tunaandikiana hivyo tukiuza mnazi. Tungo ya mzee haiwezi kuwa rahisi kuliko mnazi.

Wako pia watakaouliza vyama vya kukusanya mirabaha vinafanya nini. Kwa miaka tumekuwa na MCSK kwa watunzi, KAMP kwa watayarishaji na PRISK kwa wanaoimba na kupiga. Leseni za vyama hivi zimegombaniwa mara nyingi na bodi ya hakimiliki, KECOBO. Mwaka 2017 bodi iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE, na wanamuziki wakabaki wakiuliza wamfuate nani. Kuvitegemea vyama pekee, katika hali hiyo, ni kungoja meli kwenye kituo cha matatu. Hata hivyo chama chochote kitakachosimama kitauliza swali lilelile: kazi imeandikwa kwa jina la nani?

Kazi ya nyumbani, kazi ya kaunti

Kwa familia za watunzi nina ombi moja. Fungueni masanduku. Daftari la babu lenye tungo zake, hata likiwa limeliwa na mchwa nusu, ni ushahidi. Lipigeni picha kurasa zote, andikeni tarehe mnazozijua, na mziwasilishe tungo zake KECOBO ziandikishwe. Hakimiliki huwapo hata bila kuandikishwa, lakini siku ya ugomvi mwenye cheti na daftari husikilizwa kabla ya mwenye hadithi. Na kijana akija kubisha hodi, msimfukuze kama mwizi. Aliyebisha hodi ndiye mtu mliyekuwa mkimtaka.

Kwa watangazaji wa redio zetu za Pwani: mnapopiga wimbo, mtajeni mtunzi. Sekunde tatu tu. Mkifanya hivyo mwaka mzima, mji mzima utajua.

Kwa serikali za kaunti mambo ni mazito kidogo, kwa kuwa yamo katika sheria. Tangu 2016 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Hiyo inahusu nyimbo zisizo na mtunzi mmoja anayejulikana, zile za jamii: mwanzele wa Wagiriama, sengenya ya Wadigo na Waduruma, nyimbo za unyago, vave za wakulima wa visiwani. Nyimbo hizo nazo vijana wanazipiga upya kila siku. Sheria inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista ya urithi huo.

Kaunti zetu ni sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kila moja ina idara inayoshughulikia utamaduni, na kila mwaka tunaona tamasha, mahema na fulana. Mwakilishi wako wa wadi akija mtaani, muulize swali moja: rejista ya nyimbo zetu iko wapi, na nani anaruhusiwa kuisoma? Maofisa wakienda vijijini kuandika nyimbo za jamii, watakutana na tungo zenye wenyewe pia. Waziandike kando kwa majina ya watunzi na familia zao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jukwaa la siku moja.

Orodha kama hiyo ikiwapo, kijana wa Kisauni anayetaka kupanga upya taarabu ya zamani atajua hodi aibishe mlango gani. Leo hajui, na kutojua huko ndiko kunakomfanya aonekane mwizi hata anapokuwa mpenzi wa kweli wa ule wimbo.

Wazee waliotunga wanazidi kupungua, na kila jeneza linalotoka msikitini au kanisani linaondoka na majibu ya maswali ambayo hatujayauliza. Vyumba vya kurekodia vinazidi kuongezeka. Kama una wimbo ulio nusu ndani ya kompyuta yako wiki hii, uache kwa siku moja, ukaulize maneno ni ya nani. Ukipata jina, liandike juu kabisa, kabla ya lako.